Mkilua Katika Kilatini: Juu ya Kugundua na Kufafanua Spishi Mpya

Makala haya yanakusudia kulijadili suala ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, haliwapasi wanalugha: namna wataalamu wa mimea na wadudu wanavyozigundua spishi ambazo hazijapata kuandikwa, na namna wanavyozifafanua na kuzipa majina. Sababu ya kulileta suala hili katika jarida la lugha ni kwamba kitendo hicho, ukikichunguza kwa makini, ni kitendo cha lugha tangu mwanzo wake hadi mwisho. Mdudu huwa amekwisha kuishi, na mti huwa umekwisha kuchanua na kupukutika, karne nyingi kabla mtaalamu hajafika. Kinachozaliwa siku ya kuchapishwa kwa makala ya kitaalamu ni jina pamoja na maneno yanayolibainisha, na maneno hayo yana sarufi yake, sheria zake na historia yake. Historia hiyo inatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Tuanze na mkilua. Mti huu mdogo, ambao katika bustani zetu ni wa familia moja na mstafeli na mtopetope, humea katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na tangu zamani umekuwa ukipandwa majumbani katika miji ya Mwambao kwa ajili ya maua yake. Ua la mkilua, yaani kilua, lina harufu nzuri mno, na wanawake wa Kiswahili wamelitumia kwa manukato na kulitia katika vikuba pamoja na asumini na rehani. Kwao mti huu haukuwa na siri yoyote. Walijua hupandwa wapi, huchanua lini, na nani ana mti wa kuazimwa maua siku ya arusi. Lakini katika maandiko ya botania mkilua haukuwapo hadi mwaka 1970, pale Bernard Verdcourt alipochapisha ufafanuzi wake na kuuita *Mkilua fragrans*. Verdcourt alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika Hebaria ya Afrika Mashariki, ile hazina ya mimea iliyokaushwa ambayo chimbuko lake ni Amani katika milima ya Usambara na ambayo ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kisha akahamia Kew, Uingereza. Hakuona tu kwamba spishi hii haijaandikwa, bali pia kwamba haiingii katika jenasi yoyote iliyokwisha kujulikana. Kwa hiyo alihitaji jina la jenasi, na badala ya kuunda jina la Kigiriki au kumtukuza mtu fulani, akalichukua neno la Kiswahili lilivyo, kiambishi na vyote.

Hapa mwanalugha hana budi kusita kidogo. Kiambishi *m-* katika neno *mkilua* kina kazi mahususi: kinauingiza mti katika ngeli ya M-MI na kuutofautisha na ua lake, kilua, kama vile mchungwa unavyotofautishwa na chungwa, au mkunazi na kunazi. Tukisema kwa ukali, shina la neno ni *kilua*, na *m-* ni alama ya umoja na ya umiti. Katika Kilatini alama hiyo imeganda. *Mkilua* limekuwa shina lisilogawanyika, halina wingi wa *mikilua*, na herufi yake ya mwisho *-a* inalifanya lifanane na nomino za kike za lugha hiyo, jambo ambalo Mswahili wa Lamu hakulikusudia. Miaka 35 baadaye jambo kama hilo lilitokea tena, safari hii kwa mnyama: nyani wa milima ya Rungwe, ambaye Wanyakyusa humwita kipunji, alichapishwa mwaka 2005 kwa jina la *Lophocebus kipunji*, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*. Kiambishi *ki-* nacho kikaganda kama kilivyoganda *m-*.

Jambo jingine kuhusu mkilua linastahili kutajwa, ingawa linatutoa kidogo njiani. Uchunguzi umeonyesha kwamba jamaa za karibu kabisa za mti huu haziko Afrika wala Asia, bali Amerika ya Kati na ya Kusini. Katika kundi lake, mkilua ndio pekee ulioko upande huu wa bahari. Mmoja wa jamaa hizo, *Cymbopetalum penduliflorum*, una maua ambayo Waazteki waliyatumia kutia harufu na ladha katika kinywaji chao cha kakao. Watu wawili waliotengwa na bahari kuu, pasipo habari wala biashara baina yao, waliunusa ukoo mmoja wa miti na kufikia uamuzi unaokaribiana. Hili tusingeweza kulijua bila kazi ya wataalamu wa uainishaji, na ndiyo sababu mimi si miongoni mwa wale wanaoibeza kazi hiyo kwa kusema kwamba inawapa watu majina ya vitu walivyo navyo.

Hata hivyo swali lenyewe haliepukiki. Je, Verdcourt aligundua nini? Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyogombania nafasi hii, *kugundua* na *kuvumbua*, na mara nyingi waandishi huvitumia kana kwamba ni visawe. Sidhani ni visawe. Mtu hugundua kwamba ameibiwa, au kwamba paa linavuja. Jambo lilikuwapo, naye hakuwa na habari nalo. Katika kugundua, anayebadilika ni mtu, wala si kitu. Kuvumbua kuna fahari zaidi: huvumbuliwa hazina, dawa, mashine, na mvumbuzi hustahili kudai kwamba bila yeye kitu kile kisingalionekana duniani. Ndiyo maana lilikuwa kosa kubwa kuwaita wasafiri wa Ulaya wavumbuzi wa maziwa ambayo watu walikuwa wakiyavua samaki. Kwa spishi, basi, kitenzi kinachofaa ni *kugundua*, maadamu tukikumbuka kwamba aliyegundua ni jamii ya wataalamu, iliyopata habari iliyokuwa haina. Wanabotania wenyewe, kwa kweli, hupendelea kusema kwamba spishi *imefafanuliwa*, na katika hilo wamekuwa waangalifu kuliko waandishi wa magazeti.

Kufafanua huko hufanyikaje? Aliyekwenda msituni hukata tawi lenye maua au matunda, hulibana baina ya karatasi likauke, na huandika mahali, tarehe, kimo cha mti, rangi ya ua kabla haijapotea, na jina la wenyeji akibahatika kulipata. Kwa mdudu huwa ni pini na vibandiko vidogo mno vilivyoandikwa kwa mwandiko wa sisimizi. Kisha vitu hivi hupelekwa kwenye hebaria au jumba la makumbusho, na hapo ndipo kazi ngumu huanza: kulinganisha. Kila kielelezo kinachokaribiana nacho hutolewa kabatini, kila maelezo ya zamani husomwa, hata yakiwa yaliandikwa kwa Kijerumani mwaka 1895. Mtaalamu akitosheka kwamba alicho nacho hakilingani na chochote kilichoandikwa, huteua kielelezo kimoja kuwa kielelezo asilia, yaani kitu kile hasa ambacho jina limefungwa nacho milele. Kwa majina mapya ya mimea uteuzi huo umekuwa wa lazima tangu mwaka 1958.

Wasomaji wa jarida hili wataona mara moja upekee wa utaratibu huu. Katika lugha ya kawaida neno halifungwi na kitu kimoja. Hakuna kiti kilichohifadhiwa mahali fulani ambacho ndicho maana ya neno *kiti*. Lakini ukiuliza *Mkilua fragrans* ni nini hasa, jibu la mwisho si fasili, bali ni tawi moja lililokauka, limebandikwa juu ya karatasi, na limefungiwa ndani ya kabati. Maelezo yanaweza kusahihishwa, mipaka ya spishi inaweza kupanuliwa au kupunguzwa, lakini jina hufuata tawi. Wanafalsafa wa lugha wamebishana sana juu ya majina ya pekee na namna yanavyoshikamana na vitu. Wataalamu wa mimea walikwisha kulitatua jambo hilo kwa gundi na uzi.

Kwa kuwa jina hufuata kielelezo, kielelezo nacho chaweza kulisubiri jina miaka mingi. Mfano mzuri watoka Tanzania. Mwaka 1950 mdudu mmoja dume asiye na mabawa aliokotwa huko, akapelekwa London, na akawekwa katika jumba la makumbusho pasipo mtu kumtambua. Mwingine, jike, alikuwa ameokotwa Namibia mwaka 1909 na kuhifadhiwa Berlin. Mnamo 2001 mtafiti wa Kijerumani, Oliver Zompro, aliyekuwa akichunguza wadudu walionaswa ndani ya kaharabu ya kale ya Baltiki, aliona mdudu asiyeweza kumwainisha. Alipopekua makabati ya London na Berlin akawakuta hao wawili, wanaofanana naye. Walikuwa na sura ya vunjajungu na pia ya wale wadudu wanaofanana na vijiti, lakini hawakuwa wa kundi hili wala lile. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha ufafanuzi, si wa spishi mpya tu, bali wa oda mpya nzima, Mantophasmatodea. Wadudu hawakuwa wamepata oda mpya ya viumbe walio hai tangu 1914. Yule wa Tanzania aliitwa *Tanzanophasma subsolana*, na katika mwaka huohuo watafiti waliwakuta walio hai wa kundi hilo huko Namibia. Tuzingatie kwamba alipookotwa, nchi inayotajwa katika jina lake haikuwapo: ilikuwa Tanganyika. Alingoja kabatini miaka 52, na katika muda huo nchi ilipata uhuru, ikaungana na Zanzibar, ikapata jina jipya, ndipo mdudu naye akalipata lake.

Kenya ina kisa kinachokwenda kinyume na hicho. Katika ufa wa mwamba wa kilima cha Ukazi, kando ya barabara iendayo Garissa kutoka Thika, huishi nzi wa ajabu, *Mormotomyia hirsuta*, mwenye nywele nyingi mwilini na mabawa membamba kama utepe ambayo hayawezi kumrusha. Mabuu yake hukua katika mavi ya popo. Alikusanywa mara ya kwanza mwaka 1933, akafafanuliwa na Austen wa London mwaka 1936, na kwa kuwa hakufanana na nzi mwingine yeyote alipewa familia yake peke yake. Akakusanywa tena 1948. Baada ya hapo palipita miaka zaidi ya sitini ambapo jina lilikuwapo vitabuni na mdudu haonekani, hata mwaka 2010 watafiti wa ICIPE, kile kituo cha kimataifa cha wadudu kilichoasisiwa Nairobi na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, waliporudi kwenye ufa uleule na kumkuta. Yule wa Tanzania alikuwa kitu pasipo jina. Huyu wa Ukazi alikuwa amekaribia kuwa jina pasipo kitu.

Hali hii ya pili ndiyo inayotia hofu. Karibu na Mwarakaya, katika Kilifi, mwaka 1977 ulipatikana mti mkubwa ambao baadaye uliitwa *Karomia gigas*. Wataalamu waliporudi kuutafuta waliukuta umekatwa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba spishi yenyewe imetoweka, mpaka watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoipata tena kusini mwa Tanzania mwaka 2011. Kila mwaka takriban spishi 2,000 mpya za mimea hufafanuliwa ulimwenguni, na wadudu waliokwisha kupewa majina ni kama milioni moja, ambao yaaminika ni sehemu tu ya waliopo. Kile kitabu kikuu cha mimea ya nchi zetu tatu, kilichoanza kutolewa kwa mafungu mwaka 1952 na kukamilika 2012, kina spishi zaidi ya 12,000. Kilichukua miaka 60, na baadhi ya walioanza kukiandika hawakuwapo kilipomalizika.

Sasa tuingie katika lugha ya ufafanuzi wenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 1935 hadi mwisho wa mwaka 2011, jina jipya la mmea halikuwa halali pasipo maelezo ya Kilatini. Verdcourt, kwa hiyo, mwaka 1970 alilazimika kuuandikia mkilua maelezo ya Kilatini, na hivyo neno la wanawake wa Mwambao likaingia katika lugha ya Cicero likiwa nomino yenye haki zote. Mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 uliilegeza sheria hiyo: kuanzia 1 Januari 2012 maelezo yanaweza kuwa ya Kilatini au ya Kiingereza. Waliosifu mabadiliko hayo walisema kwamba mlango umefunguliwa. Kwa maoni yangu, ulifunguliwa kwa upande mmoja. Kilatini kilikuwa mzigo kwa kila mtu, na uzito wake ulikuwa karibu sawa kwa Mjapani, kwa Mbrazili na kwa Mkenya. Kiingereza si mzigo kwa kila mtu.

Pamoja na hayo, sarufi ya Kilatini haijaondoka katika majina, nayo ina mambo ambayo msemaji wa lugha ya Kibantu huyaelewa upesi kuliko Mwingereza. Jina la spishi ni la maneno mawili, na neno la pili likiwa kivumishi halina budi kupatana na la kwanza. Mpangilio ni wetu: nomino kwanza, kivumishi baadaye. Upatanisho nao ni wetu, isipokuwa kwamba tunapatanisha mwanzoni mwa neno na Warumi walipatanisha mwishoni. Chukua ua maarufu la Usambara. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka Ujerumani kwa baba yake, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita *Saintpaulia ionantha*, yaani Saintpaulia yenye maua kama vayoleti. Mwaka 2015 wataalamu, wakitegemea ushahidi wa chembe za urithi, waliiondoa jenasi ya *Saintpaulia* na kuiingiza ndani ya *Streptocarpus*. Ua likahama ngeli, kwa kusema hivyo: *Streptocarpus* ni nomino ya kiume, na kwa hiyo *ionantha* likageuka *ionanthus*. Mwanafunzi wetu anayejua kwamba *mtoto mzuri* akiitwa *kitoto* atakuwa *kitoto kizuri* hahitaji kufundishwa mara mbili. Kuhusu mkilua, Verdcourt aliteua kivumishi *fragrans*, ambacho kina umbo moja kwa jinsia zote tatu, na hivyo swali la jinsia ya neno la Kiswahili halikuonekana usoni. Sheria yasema kwamba jenasi iliyotokana na jina la wenyeji hupata jinsia ile ambayo mwandishi ameipa. Lugha isiyo na jinsia ya kiume na ya kike hugawiwa jinsia kwa hiari ya mtu mmoja.

Majina ya kuwaenzi watu ni bahari nyingine, nami nitaipita ufukoni tu. Padre Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa ya mwaka 1939 kila mmoja wetu ameifungua, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, na jenasi ya *Sacleuxia* imeitwa kwa jina lake. Ni vigumu kupata mwanaleksikografia mwingine wa lugha yetu aliyeota mizizi kwa namna hiyo. Mwaka 2009 ilichapishwa jenasi mpya ya Tanzania, *Mwasumbia*, kwa heshima ya Leonard Mwasumbi wa hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2022 ikafuata *Lukea*, kwa jina la Quentin Luke wa Nairobi, yenye spishi mbili, mmoja kutoka milima ya Udzungwa na mwingine kutoka Kaya Ribe. Jenasi zote mbili ni za familia ileile ya mkilua. Kaya Ribe ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo kadha yao iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kichaka hicho kimesalia hadi kikaandikwa kwa sababu wazee walikataza kukata, na hilo ni jambo ambalo jina la Kilatini halina nafasi ya kulisema.

Majina huweza pia kuwa matusi. Mimea mingi ya kusini mwa Afrika ilipewa kivumishi *caffra* na maumbo yake, kutokana na neno ambalo asili yake ni Kiarabu, *kafir*, na ambalo huko Afrika Kusini liligeuzwa kuwa tusi kali kwa mtu mweusi. Sisi tunalo neno hilohilo, *kafiri*, lenye maana ya dini tu, na huenda ndiyo sababu wengi wetu hatukuliona jeraha lililomo. Katika mkutano wa Madrid wa mwaka 2024 wataalamu wa mimea walipiga kura kwamba majina hayo yabadilishwe: *Erythrina caffra*, mti wa jenasi moja na mbamba-ngoma wetu, uwe *Erythrina affra*. Imeondolewa herufi moja, na jina likawa na maana ya Afrika. Wapo waliopinga, wakisema kwamba jina ni alama tu na halina maana. Mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza maneno hawezi kuikubali hoja hiyo kwa urahisi.

Yafaa tuulize sasa kama uainishaji wa wenyeji ni sayansi nyingine au ni sayansi ileile iliyokatizwa. Mikoko yatosha kuwa mfano. Mvuvi au mkata boriti wa Lamu hasemi *mikoko* akaishia hapo. Ana mkoko wenyewe, ana mchu, ana mlilana, ana mkandaa, ana muia, ana mkomafi. Na kila jina kati ya haya hulingana na spishi moja ya kitaalamu: *Rhizophora mucronata*, *Avicennia marina*, *Sonneratia alba*, *Ceriops tagal*, *Bruguiera gymnorhiza*, *Xylocarpus granatum*. Ulinganifu huu si wa bahati. Wote wawili, mkata boriti na mtaalamu, wanatazama viumbe ambavyo kweli vimetengana. Wanapoachana ni katika kuunganisha. *Lumnitzera racemosa* huitwa na wengi kikandaa au mkandaa dume, yaani huwekwa chini ya mkandaa kwa sura na matumizi. Kwa mtaalamu anayeanzia kwenye ua, miti hiyo miwili si hata ya familia moja. P. J. Greenway wa Amani, aliyetoa kamusi yake ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937, alikumbana na tatizo hili, na kila aliyefuata nyayo zake hukumbana nalo. Kamusi zetu, kwa upande wao, zimelikwepa. Ni mara ngapi tumefungua kamusi tukakuta *aina ya mti* na basi? Fasili hiyo haimsaidii yeyote. Msomaji alikwisha kujua kwamba ni mti kutokana na kiambishi.

Nimeacha kwa makusudi, hadi hapa, jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Sheria za wataalamu wa wanyama, ambazo hutawala majina ya wadudu, ni tofauti na zile za mimea. Hazikutaja lugha ya lazima ya maelezo. Zinataka jina liandikwe kwa herufi za Kilatini, na zinataka maneno yanayombainisha mdudu yawe yamechapishwa ipasavyo. Kisha *zinapendekeza* tu lugha zinazotumika sana kimataifa. Maana yake ni kwamba kombamwiko au nzi mpya wa Taita akifafanuliwa leo kwa Kiswahili, na masharti mengine yakatimizwa, jina lake litakuwa halali kuanzia siku hiyo, na mtaalamu wa Paris au Tokyo atalazimika kulitambua. Hakuna anayetuzuia. Je, Kiswahili chenyewe kiko tayari?

Jibu langu ni kwamba kiko tayari kwa namna isiyo sawasawa. Mahali ambapo maisha ya watu yalidai usahihi, lugha hii ina usahihi unaowashinda Warumi. Mnazi ni ushahidi. Tunda lake huanza kuwa kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, likawa nazi, na likikauka likawa mbata. Jani lake ni kuti na uti wa kuti ni upongoo. Ganda linalofunika shada la maua kabla halijapasuka ni karara. Neno hilo *karara* lingeweza kupanuliwa leo hii litaje ganda la namna hiyo katika minazi, mitende, mivumo na jamaa zake zote, na hatungehitaji kukopa chochote. Lakini katika majani ya kawaida tuna upungufu. Kilatini husema *folia glabra* kwa maneno mawili. Sisi twasema *majani yasiyo na vinyweleo*. Tukisema *majani laini* tumepotoka, kwa maana *laini* huchanganya lisilo na vinyweleo, lisilokwaruza, na lililo jororo, ambayo ni mambo matatu, na Kilatini kina neno kwa kila moja. Kwa wadudu hali ni ya namna nyingine: tuna funza, buu, kiwavi, tekenya, kila mmoja na sura yake na madhara yake, lakini hatuna jina moja la asili la hatua ile ya ukuaji inayowajumlisha funza, buu na kiwavi, na vitabu vya shule vimelazimika kukopa *lava*.

Mapengo haya hayazibwi na kamati inayokaa mezani na orodha ya Kiingereza upande wa kushoto. Yanazibwa na mtu aliye na mdudu mbele yake, chini ya kioo cha kukuzia, ambaye hawezi kuendelea na sentensi mpaka apate neno la ule unywele ulio kwenye kifundo cha pili cha mguu wa nyuma. Idara za wadudu na idara za lugha, katika vyuo vyetu vingi, hazina umbali kati yao uliozidi mwendo wa dakika kumi kwa miguu.